Taa ya Injini Ikiwaka, Fungua Boneti Kabla ya Kutaja Jina la Mtu



Leo nataka tuzungumze juu ya panya. Ndiyo, panya. Usipite haraka ukidhani mchungaji amekosa somo la wiki. Kama una gari, au kama mume wako au mtoto wako anatafuta riziki kwa gari, ujumbe huu unakuhusu moja kwa moja. Na kama huna gari, kaa hapa hapa, kwa sababu kabla sijamaliza utakukuta nyumbani kwako.

Unaijua ile taa ndogo ya manjano yenye picha ya injini? Umeamka mapema, umeomba, umewasha gari, na taa zote za dashibodi zikazimika kama kawaida isipokuwa hiyo moja. Unazima gari, unawasha tena. Bado ipo. Hapo moyo unaanza kupiga hesabu. Karo ya muhula haijakamilika, mkopo wa chama unadaiwa, na sasa gari. Kabla hujafika kwa fundi umeshapewa majibu na watu watano. Wa kwanza anasema ni mafuta mabaya. Wa pili anasema nunua sensa. Wa tatu anakuvuta kando, anashusha sauti, anakuuliza kama hivi karibuni umekosana na mtu.

Huyo wa tatu ndiye ninayetaka tumzungumzie leo.

Lakini kwanza tuielewe taa yenyewe, kwa sababu watu wengi wanaiogopa bure na wengine wanaidharau bure.

Magari mengi ya siku hizi yana kompyuta inayoongoza injini. Kompyuta hiyo haina macho. Inategemea sensa, na kila sensa inatuma habari kwa waya. Kuna sensa inayopima hewa inayoingia, nyingine inapima joto la maji, nyingine inanusa moshi unaotoka. Habari ikikosekana, au ikija na namba zisizowezekana, kompyuta inaandika hitilafu hiyo katika kumbukumbu yake kwa herufi na tarakimu, kisha inawasha taa. Huko Marekani, magari madogo mapya yote yalitakiwa kuwa na mfumo wa namna hiyo wa aina moja kuanzia yale ya mwaka 1996, na nchi nyingine zikafuata. Ndiyo sababu hata fundi wa sokoni leo ana kimashine cha kuchomeka chini ya usukani na kusoma kilichoandikwa.

Sasa shika neno hili, mpendwa, kwa sababu limewaokolea watu pesa nyingi. Kile kimashine hakikuambii kitu gani kimeharibika. Kinakuambia habari imekatika njia gani. Kikisema sensa ya hewa haisikiki vizuri, inaweza kuwa sensa imekufa. Lakini inaweza pia kuwa sensa ni nzima kabisa, inaongea kwa sauti yake yote, na waya ndio umekatwa njiani.

Na ni nani anayekata waya? Mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, ni panya.

Usimwonee panya kwamba anakuchukia. Panya ana meno ya mbele yasiyoacha kukua maisha yake yote. Kwa mwaka mmoja meno hayo yanaweza kukua zaidi ya sentimita 10. Asipotafuna yatamzuia hata kula. Upande wa mbele wa jino ni mgumu kuliko upande wa nyuma, kwa hiyo kadiri anavyotafuna ndivyo jino linavyojinoa. Mungu alimpa kifaa cha kazi, naye anakifanyia kazi usiku na mchana. Waya wa gari una mpira laini, una unene unaomtosha mdomoni, na uko mahali pa joto. Injini ikizimwa saa moja jioni inabaki na joto kwa saa kadhaa. Kwetu huku Trans Nzoia, ambako Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi. Panya akipata chumba chenye joto, chenye giza, kisicho na paka, atahamia. Panya mdogo wa nyumbani anapita kwenye tundu lenye upana wa kalamu, na chini ya gari kuna nafasi kubwa kuliko hiyo kila upande.

Halafu kuna majira. Mahindi yetu huvunwa kuanzia Oktoba hivi. Wakati mahindi yako shambani, panya wako shambani. Tukivuna, chakula chote kinahamia nyumbani, na wao wanafuata chakula. Tunapanga magunia kando ya ukuta, tunaegesha gari kando ya magunia ili wezi wasifike, kisha tunashangaa. Mpendwa, hapo umempa mgeni jikoni na chumba cha kulala katika ua mmoja.

Sasa nikusimulie. Ndugu huyu ameniruhusu, na jina lake nitaliacha.

Ni mshirika wetu anayebeba maziwa alfajiri kwa Probox. Analipwa kwa lita anazofikisha. Gari lisipotoka, siku hiyo hakuna pesa, na wakulima wanaomtegemea wanabaki na maziwa yanayoharibika. Baada tu ya mavuno, taa ya injini ikawaka. Gari likawa zito mlimani na likaanza kunywa mafuta. Akalipeleka kwa mtu mwenye kimashine, wakaambiwa ni sensa ya hewa. Akanunua sensa iliyotumika. Taa ikafutwa, ikarudi kabla hajafika nyumbani. Akaambiwa hiyo sensa nayo ilikuwa mbovu, akanunua nyingine. Ikarudi tena.

Hapo ndipo mtu wa tatu alipofika. Akamwambia sensa mbili haziwezi kuharibika zikifuatana hivihivi tu. Akamuuliza nani hapendi maziwa yake yatembee.

Na ndugu yangu alikuwa na jibu karibu mno. Yeye na kaka yake wanaishi katika boma moja la marehemu baba yao, na wana mgogoro wa mpaka wa shamba. Shemeji yake, mke wa kaka yake, alikuwa ameonekana jioni moja akiinama karibu na gari. Basi. Ushahidi wote ulikuwa huo. Kwa siku chache neno likazunguka boma. Watoto wa nyumba moja wakakatazwa kula nyumba ya pili. Mama yao mzee, ambaye amezoea kunywa chai kwa huyu na kula ugali kwa yule, akaanza kubebewa sahani zilizofunikwa kutoka nyumba moja tu. Fikiria mama wa miaka hiyo akichaguliwa sahani kwa sababu ya taa ya gari.

Alinijia siku ya katikati ya wiki na karatasi. Ilikuwa na jina moja. Alitaka tulipeleke madhabahuni.

Nikaomba naye. Niliombea gari, nikaombea kazi yake, nikaombea amani ya boma. Karatasi nikamrudishia. Nikamwambia, "Ndugu yangu, Torati inataka mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajahukumiwa. Wewe una nani? Kile kimashine ni shahidi mmoja, na hakijamtaja shemeji yako. Twende tutafute wa pili."

Tulimpata fundi wa umeme wa magari, kijana tu, anayefanya kazi chini ya mti karibu na soko. Hakuanza na kimashine. Alifungua boneti, akachukua tochi, akatazama kimya. Kisha akachukua kipima umeme, akachomoa soketi ya sensa ya hewa na kupima. Waya unaopaswa kuleta volti 12 haukuwa na kitu. Akafuata ule waya kwa vidole, polepole, mpaka nyuma ya kijisanduku cha kichujio cha hewa. Akafungua.

Ndani kulikuwa na kiota. Maganda ya mahindi yaliyochanwa vizuri kama pamba, nyuzi za gunia, kipande cha leso, na punje za mahindi pembeni. Waya mmoja ulikuwa umekatika kabisa, mwingine umebaki shaba tupu. Alama za meno zilikuwa wazi, mbili mbili.

Fundi akaniangalia, akatabasamu. "Pasta," akasema, "hapa hakuna mchawi. Hapa kuna mtu amejenga bila kibali."

Tulicheka, lakini ndugu yangu hakucheka. Alikuwa ameshika kile kipande cha leso. Sensa mbili alizotupa hazikuwa na hatia. Na shemeji yake naye hakuwa na hatia.

Nataka unisikie vizuri, mpendwa. Mimi ni mchungaji wa Kipentekoste. Naamini maombi, naamini vita vya kiroho ni vya kweli, na nimewaona watu wakifunguliwa. Sikuandikii kukuambia kwamba hakuna adui. Nakuandikia kwa sababu baadhi yetu tumemfanya adui kuwa jibu la kila swali, na tukishampata adui tunatafuta uso wa jirani wa kumvika.

Fungua 1 Samweli sura ya 6. Ni moja ya sehemu chache za Biblia zinazozungumza juu ya panya, na tunaipita haraka. Wafilisti walikuwa wamelichukua Sanduku la Bwana, likakaa nchini mwao miezi 7. Nchi ikapigwa kwa majipu, na panya wakaiharibu. Makuhani na waaguzi wao wakashauri lirudishwe pamoja na sadaka: majipu matano ya dhahabu na panya watano wa dhahabu, kwa hesabu ya wakuu wao watano. Lakini angalia walichofanya baada ya hapo. Walichukua gari jipya la kukokotwa, wakafunga ng'ombe wawili wanaonyonyesha ambao hawajawahi kufungwa nira, na ndama wao wakawafungia nyumbani. Kwa kawaida ng'ombe kama huyo angerudi kwa ndama wake. Wakasema, wakienda moja kwa moja Beth-shemeshi, basi ni mkono wa Mungu wa Israeli. Wasipoenda, tutajua kwamba mambo haya yalitupata kwa bahati tu.

Umeona? Hao walikuwa waaguzi, watu wasiomjua Bwana. Na bado waliacha nafasi ya kusema, huenda ni bahati tu. Walipima kwanza. Safari ile ilikuwa kweli mkono wa Mungu, na ng'ombe walikwenda wakilia mpaka Beth-shemeshi bila kugeuka. Lakini walijua kwa sababu walipima. Je, itakuwaje sisi tunaomjua Mungu wa kweli tuwe wepesi kuhukumu kuliko waaguzi wa Wafilisti?

Na usidhani ni tabia ya Waafrika tu kutafuta wa kulaumiwa. Mwaka 2016 huko Marekani wenye magari waliwashtaki watengenezaji wakubwa, Toyota na Honda wakiwamo, wakidai kwamba mpira wa waya uliotengenezwa kwa soya ndio unaowavutia panya. Toyota ilijibu kwamba panya hutafuna waya za magari ya kila kampuni. Wao walikwenda na mawakili, sisi tunakwenda na karatasi ya majina. Tofauti ni hii: kampuni kubwa inaweza kujitetea mahakamani. Shemeji yako hawezi kujitetea mbele ya mnong'ono.

Kuna jambo niliruka katika simulizi, na ni lazima nilirudie.

Kabla hatujaenda kwa fundi yule, dalali mmoja alikuwa amemshauri ndugu yetu njia fupi. Futa taa asubuhi, mlete mnunuzi saa nne, uza gari, tatizo liwe la mwingine. Akaniuliza kwa unyofu kabisa, "Mchungaji, nisiposema kitu, na mnunuzi asipouliza, ni dhambi?"

Nilimwuliza mnunuzi atalitumia gari kwa kazi gani. Akanyamaza. Alijua. Atakuwa mtu kama yeye, aliyechukua mkopo, anayebeba maziwa au watoto wa shule. Shaba tupu ikigusana na chuma inaweza kuunguza fyuzi, na ikiwa vibaya zaidi inaweza kuwasha moto. Mithali 11 inaanza na mizani ya udanganyifu kuwa chukizo kwa Bwana. Taa iliyofutwa juu ya waya uliokatika ni mizani ya udanganyifu. Nabii Yeremia, sura ya 6 mstari wa 14, anawakemea viongozi waliotibu jeraha la watu juu juu na kuwatangazia amani ambayo haikuwapo. Kufuta taa bila kutengeneza waya ni kutangaza amani ya namna hiyo. Dashibodi inasema salama, na chini ya boneti panya anaendelea kula.

Kwa hiyo acha nikupe mambo ya kufanya, kwa lugha rahisi, maana imani yenye hekima ina mikono.

Kwanza, jua rangi. Taa nyekundu ya oili au ya joto la injini inakuambia usimame mahali salama na uzime gari, usiendelee hata kama umekaribia nyumbani. Taa ya injini ya manjano iliyotulia inakuambia lipeleke gari likapimwe mapema. Ikiwa inapepesa, mara nyingi injini inakosa kuwaka sawasawa, na ukiendelea kuendesha utaharibu kifaa cha kusafisha moshi, ambacho ni ghali. Taa nyingi zikiwaka kwa pamoja, ya injini, ya breki za ABS na nyinginezo, usiogope kwamba gari lote limekufa. Inaweza kuwa ni waya za mawasiliano tu zimeguswa, au betri imechoka.

Pili, fungua boneti mwenyewe kabla ya kununua spea yoyote. Tafuta vinyesi vidogo vyeusi, nyasi, maganda, harufu ya mkojo, na waya zenye alama za meno. Tazama ndani ya kijisanduku cha hewa, juu ya betri, na chini ya kile kifuniko cha plastiki kilicho juu ya injini.

Tatu, linda afya yako. Mkojo wa panya unaweza kubeba vijidudu vya homa ya leptospira. Vaa glavu, funika pua na mdomo, lowesha uchafu kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, kisha ufute na kitambaa na ukitupe. Usiufagie ukiwa mkavu, na usimruhusu fundi aupulize kwa upepo wa kompresa, maana mtauvuta nyote.

Nne, waya utengenezwe, usifungwe tu kwa utepe. Kiungo kizuri kinalehemiwa au kubanwa kwa kifaa chake, kisha kinafunikwa kwa mpira unaojibana kwa joto. Waya zilizosokotwa kwa mkono zitaingia maji ya mvua na taa itarudi msimu wa mvua. Betri ichomolewe kwanza. Nyaya za rangi ya chungwa katika magari ya haibridi zina umeme mkubwa unaoua, na soketi za manjano mara nyingi ni za mifuko ya hewa. Hizo zote mwachie aliyesomea.

Tano, ondoa kilichomwita panya. Hamisha magunia mbali na gari, au hamisha gari mbali na magunia. Usiache chakula cha kuku, makombo ya mkate au mifuko ya unga ndani ya gari. Gari linalokaa siku nyingi liwashwe na litembezwe. Weka mitego, fuga paka. Sumu iogope, kwa sababu panya aliyekufa ndani ya gari atakunukia wiki nzima, na paka, kuku au bundi atakayemla ataumia naye. Wapo wanaopaka manukato makali, lakini panya huyazoea. Honda inauza utepe wa kufunga waya uliotiwa ukali wa pilipili. Ukiupata, ni msaada, lakini hauchukui nafasi ya kuondoa chakula.

Sita, ukinunua gari lililotumika, weka ufunguo na uwashe umeme bila kuwasha injini. Taa ya injini inapaswa kuwaka, kisha izime injini ikishaunguruma. Isipowaka kabisa, uliza kwa nini, maana huenda imezibwa. Na muombe fundi wako atazame kwenye kimashine kama kompyuta imemaliza kujipima yenyewe. Ikiwa haijamaliza, huenda kuna mtu amefuta kumbukumbu muda si mrefu, na una haki ya kuuliza tena.

Sasa nimalizie pale nilipokuahidi, nyumbani kwako.

Fundi alimtoza ndugu yetu pesa kidogo kuliko zile alizokwisha kupoteza kwa sensa mbili. Waya ulikuwa rahisi kutengeneza. Kilichokuwa kigumu ni kutembea hatua arobaini kutoka mlango wake mpaka mlango wa kaka yake. Kwa maana alikuwa amelitaja jina la shemeji yake kwa watu, na neno likishatoka halina soketi ya kuchomoa.

Alikwenda. Mathayo 18 inatufundisha kumwendea ndugu ana kwa ana, naye alikwenda bila mimi, akabeba kile kipande cha leso na sukari kilo mbili. Aliniambia baadaye kwamba shemeji yake alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mimi nilikuwa namtafuta kuku wangu. Anatagia chini ya gari lako." Halafu akalia. Kaka mtu hakusema mengi. Alisema tu kwamba mama asibebewe chakula tena, atembee mwenyewe kama zamani.

Sitakudanganya kwamba yote yamekwisha. Mpaka wa shamba bado uko mbele ya wazee. Lakini watoto wanavuka, na mama anakula nyumba zote mbili. Hayo ni mengi, mpendwa. Nimezika watu ambao hawakuwahi kuyapata.

Sasa nikuulize wewe. Ni taa gani inawaka nyumbani kwako leo? Mtoto amebadilika tabia. Mume haongei. Biashara imekuwa nzito mlimani kama lile gari. Umeshanunua sensa ngapi? Na umeshamtaja nani? Mama mkwe? Mfanyakazi wa nyumbani? Jirani aliyefungua duka kama lako? Je, umefungua boneti? Umekaa na mtoto ukamuuliza? Umehesabu vitabu vya duka? Umemuuliza mume wako anaumwa nini kabla ya kumuuliza anakwenda wapi?

Taa si adui yako. Ni mlinzi anayepiga kelele kabla nyumba haijaungua. Usimnyamazishe, na usimtumie kumshtaki mtu asiye na hatia. Mwombe Mungu akupe utulivu, chukua tochi, ufuate waya kwa vidole polepole mpaka ufike mahali ulipokatika. Ukikuta kweli ni adui, tutaomba pamoja na Bwana atapigana. Ukikuta ni panya, mshukuru Mungu, tengeneza waya, hamisha magunia.

Na kama tayari umelitaja jina la mtu, usiku huu usilale bila kupanga siku ya kwenda kwake.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa taa unazowasha ili tusiangamie. Tupe ujasiri wa kutazama chini ya boneti na uvumilivu wa kusikia kabla ya kuhukumu. Linda madereva wetu barabarani na mafundi wetu katika kazi ya mikono yao. Ponya maboma yaliyogawanyika kwa mnong'ono, na uwape wazee wetu meza moja tena. Katika jina la Yesu, Amina.

Ukiwa na mtu ambaye taa yake inawaka, mtumie ujumbe huu. Na leo jioni, kabla ya kulala, katazame magunia yako yako wapi.

Ubarikiwe.